Vijana 325 waliofika Nairobi, na chumvi iliyowapokea

Mwaka 1929 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha taarifa ya daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini, upande ule wa Kisii na Nyanza Kusini. Alikuwa amepima presha ya watu wapatao 1,000. Kilichomshangaza ni kwamba wazee hawakuwa na presha kubwa kuliko vijana. Kule kwao Uingereza ilijulikana kwamba mtu akizeeka presha yake hupanda, kama vile nywele zinavyoota mvi. Huku Kavirondo, mtu akipita miaka 40, presha ilielekea kushuka. Katika miaka miwili aliyokaa, hospitali yake ililaza wagonjwa karibu 1,800, na hakukutana na hata mmoja aliyelazwa kwa presha ya juu.

Ruka miaka themanini na kitu. Uchunguzi wa kitaifa wa STEPS uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Wajukuu na vitukuu wa watu wale wale. Damu haibadiliki kwa vizazi vitatu, kwa hiyo tukatafute kwingine, na kisa ninachotaka kukichambua hapa ndicho kinachotuonyesha pa kutafuta.

Miaka ya 1980 watafiti wa Kenya na Uingereza, wakiongozwa na Neil Poulter, na miongoni mwao wakiwemo Mugambi, Sever na Geoffrey Rose, walifanya jambo ambalo likielezwa linasikika rahisi. Vijijini kaskazini mwa ghuba ya Ziwa Viktoria waliishi Waluo ambao presha yao bado ilikuwa ya chini, kama ile ya enzi za Donnison. Vijana wao walikuwa wakihamia Nairobi kutafuta kazi, kama wanavyofanya mpaka leo. Basi watafiti wakawafuata. Waliwapata wahamiaji 325, wa umri wa miaka 15 hadi 34, wakiwa wamekaa mjini kwa wastani wa mwezi mmoja tu. Kule kijijini wakachukua wenzao 267, wa umri ule ule, jinsia ile ile na maeneo yale yale, ambao walibaki nyumbani. Makundi yote mawili yakapimwa tena na tena kwa miaka miwili: presha, uzito, mapigo ya moyo, na mkojo. Matokeo yalitoka mwaka 1990 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ.

Nasema linasikika rahisi kwa sababu aliyewahi kumtafuta ndugu yake Nairobi kwa maelekezo ya "shuka stesheni, uliza kwa fundi viatu" anajua kazi iliyokuwapo. Kijana mgeni hulala kwa binamu wiki mbili, akahamia kwa rafiki, akapata kibarua upande wa pili wa mji. Simu za mkononi hazikuwapo. Kumpata kijana wa aina hiyo mara ya kwanza ni bahati, na kumpata mara ya tano ni ukaidi wa aina yake.

Walichokikuta ni hiki. Namba ya juu ya presha, yaani ile inayotangulia mpimaji anaposema "mia na ishirini kwa themanini", ilikuwa kubwa zaidi kwa waliohamia kuliko kwa waliobaki. Haikungoja miaka kumi. Haikungoja kitambi, wala ndoa, wala ada za shule. Ilianza kuonekana mapema, kwa watu ambao wengi wao wangetoka zahanati yoyote wakiambiwa "uko sawa, nenda zako".

Tena tuangalie kwa makini ni nani aliyepanda. Ukidhani kwamba walikuwepo vijana wachache wenye asili mbovu waliolipuka wakafika 170, huku wengine wakibaki walivyo, umekosea. Mstari mzima ulisogea. Wa chini kabisa alisogea, wa katikati akasogea, wa juu naye akasogea. Ni kama bahari inapojaa: mtumbwi na jahazi vyote huinuka pamoja. Geoffrey Rose alikuwa ameshaliandika wazo hili mwaka 1985, tena kwa mfano wa Kenya: alichora presha ya wahamahamaji wa Kenya kando ya presha ya watumishi wa serikali wa London, michoro miwili ya umbo lile lile, mmoja umesukumwa kulia. Swali lake lilikuwa la busara sana. Kuuliza kwa nini mtumishi fulani wa London ana presha ya juu kuliko mwenzake ni swali moja. Kuuliza kwa nini London nzima iko juu kuliko wafugaji wa Kenya ni swali lingine, na jibu lake si lile lile. Kisa cha vijana wa Kiluo kilikuwa swali la pili likitokea mbele ya macho ya watu, ndani ya basi la usiku.

Sasa chumvi inaingiaje?

Inaingia kwa mkojo. Ukimuuliza mtu anakula chumvi kiasi gani atakwambia "kidogo tu", na hadanganyi, ila hajui. Aliyepika ni mwingine, mkate umeokwa na mwingine, na kiasi cha kijiko hakikumbukwi na yeyote. Mkojo hauna aibu. Karibu sodiamu yote unayokula, yaani ile madini iliyomo kwenye chumvi, hutoka kwa njia hiyo ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo ukiupima unajua kilichopita kinywani. Watafiti walilinganisha sodiamu na potasiamu katika mkojo, na kwa wahamiaji uwiano huo ulikuwa juu waziwazi kuliko kwa waliobaki kijijini. Sodiamu ilikuwa imepanda na potasiamu imeshuka. Kwa lugha ya jikoni: chumvi imeongezeka sufuriani, na mboga, viazi vitamu na maharagwe vimepungua kwenye sahani.

Hapa ndipo wengi wetu huona nusu ya habari. Tumezoea kuambiwa "punguza chumvi", na ni kweli, lakini sodiamu ina mwenzake wanayevutana naye kamba. Figo huchuja karibu lita 180 za majimaji kila siku, kisha hurudisha karibu zote. Kazi yake ngumu ni kuamua kiasi gani cha sodiamu kirudi na kiasi gani kiende. Potasiamu ikiwa nyingi kwenye chakula, figo huiachia sodiamu iende zake. Potasiamu ikiwa haba, figo huikumbatia sodiamu, na sodiamu ikibaki, maji nayo hubaki. Damu huongezeka ujazo ndani ya mabomba yale yale. Baadaye mishipa yenyewe hujikaza na kukakamaa, na hapo hata ule ujazo ukirudi kawaida, presha huwa imeshapata makao. Ndiyo maana uwiano wa hizo mbili hueleza zaidi kuliko namba moja peke yake.

Tuweke vyungu viwili kando kwa kando. Kijijini: ugali wa unga uliosagwa posho mill bila kukobolewa, au wa mtama na mihogo, samaki, osuga (mnavu), dek (mgagani), apoth (mrenda) na kunde, mara nyingi kwa maziwa. Magharibi mwa Kenya kuna pia ile munyu ya kienyeji inayochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharagwe na majani makavu, ya kulainishia mboga. (Neno lenyewe, munyu, watu wa Lamu walilitumia kwa chumvi ya kawaida.) Majivu ya mimea yana potasiamu nyingi, kwa hiyo bibi aliyekuwa akichuja maji yake meusi kwenye kibuyu chenye matundu alikuwa akiongeza sufuriani hasa kile ambacho figo inakihitaji. Hakuna aliyemwambia. Na chumvi ya dukani ilikuwa ya kununuliwa, kwa hiyo ilitumiwa kwa hesabu.

Nairobi: unga mweupe uliokobolewa, ambao kiini na makapi yake yamekwenda na potasiamu yake. Sukuma wiki ya kukaanga. Mkate. Chipsi zinazonyunyiziwa chumvi mara ya kwanza na muuzaji na mara ya pili na mlaji. Leo ongeza kile kipande cha kukoleza mchuzi, ambacho kwa kawaida nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi, na smokie pasua ya saa kumi jioni pale stejini, iliyojazwa kachumbari, kisha chumvi, kisha pilipili ya chupa ambayo nayo ina chumvi. Chumvi yenyewe ni ya hapa hapa nyumbani, inavunwa Gongoni na Marereni kule Kilifi, na ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote dukani. Anayepika kwa haraka na kwa pesa chache huipa chakula ladha kwa kile kilicho rahisi. Simlaumu.

Hata hivyo, mtu mwenye akili timamu lazima akatae kidogo. Kijana akihamia mjini habadilishi chumvi tu. Analala vibaya, anaogopa kufukuzwa kibandani, anavuka barabara akikimbia, labda anaanza kunywa. Je, si mawazo hayo ndiyo yaliyopandisha presha? Watafiti wenyewe hawakulikwepa swali hili. Uzito wa wahamiaji na mapigo ya moyo wao navyo vilikuwa juu, na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio ni dalili kwamba mfumo wa neva unaosimamia hofu na haraka umeamshwa. Kwa hiyo kisa hiki peke yake hakithibitishi kwamba chumvi ndiyo mkosaji pekee. Kinathibitisha kwamba mazingira ndiyo, wala si ukoo, na kwamba chakula kilibadilika kwa namna inayopimika. Anayekitumia kusema "ni chumvi tu" anakibebesha mzigo kisioweza kuubeba.

Ili kuitenga chumvi unahitaji jaribio ambalo kila kitu kingine kimebaki vile vile. Huwezi kuwafungia vijana wa Siaya chumba kimoja miezi ishirini ukawalisha unachotaka. Lakini lilifanyika kwa sokwe, huko Gabon, na Denton na wenzake wakalichapisha mwaka 1995. Sokwe 26, wanaokula matunda na mboga kama kawaida yao, wenye vijenzi vya urithi vinavyokaribiana mno na vyetu. Nusu yao waliongezewa chumvi kwenye chakula, polepole, mpaka ikafika gramu 15 kwa siku. Hawakuhamishwa, hawakunywa pombe, hawakudaiwa kodi. Katika miezi 20 namba yao ya juu ya presha ilipanda kwa wastani wa milimita 33 za zebaki, kipimo kile kile cha zahanati. Chumvi ilipoondolewa, ndani ya miezi sita presha ikarudi ilikokuwa. Si wote waliopanda sawa: wapo ambao chumvi ile haikuwafanya kitu kikubwa. Na sisi ndivyo tulivyo. Kila familia ina mjomba wa miaka 80 anayekula papa mkavu kila siku na presha yake ni ya mtoto, na kila mjadala wa chumvi lazima mtu amtaje. Mjomba huyo ni wa kweli. Ila hawezi kuwa kipimo cha wengine.

Ukiyaweka mawili haya pamoja, vijana na sokwe, picha inakaa vizuri. Jaribio la Gabon linaonyesha chumvi inaweza kufanya hivyo yenyewe. Kisa cha Nairobi kinaonyesha kwamba jambo la namna hiyo hutokea kwa watu halisi, upesi, katika umri ambao hakuna anayelitazamia.

Kuna maneno ninayoyasikia sana, tena hata kwa wahudumu wa afya: "sisi Waafrika presha iko kwenye damu." Kuna chembe ya ukweli ndani yake. Kwa wastani, miili ya watu wenye asili ya Afrika huelekea kuishikilia chumvi zaidi, na ndiyo sababu vidonge vya kukojosha na vile vya kulegeza mishipa kama amlodipini huwafaa vizuri. Lakini damu ya aliyepanda basi na ya nduguye aliyebaki akichunga ng'ombe ni moja. Mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walilinganisha watu wenye asili ya Afrika Magharibi kwenye nchi mbalimbali: wenye presha ya juu walikuwa karibu asilimia 16 Afrika Magharibi, 26 visiwa vya Karibi, 33 Marekani. Asili moja, vyungu vitatu. Kinachorithiwa labda ni mlango usio na komeo. Anayeusukuma ni mwingine.

Mtu anaweza kuuliza: tofauti ya milimita chache kwa kijana wa miaka 22 inamdhuru nani? Yeye leo, hapana. Lakini milimita mbili tu za namba ya juu ya presha, zikipungua na kubaki zimepungua kwa watu wa makamo, huambatana na vifo vya kiharusi vichache kwa karibu asilimia 10. Tofauti ndogo ikikaa miaka thelathini kwa watu milioni si ndogo tena. Wengi wanaopata kiharusi hawatoki kwa wale wachache wenye 190. Wanatoka kwa umati ulioko katikati, ambao haujawahi kupewa kadi ya kliniki.

Na kwa kuwa mabadiliko yalikuja kwa chakula, yaweza pia kuondoka kwa chakula. Jaribio kubwa zaidi la aina hiyo lilifanyika vijiji 600 vya China na kutangazwa mwaka 2021, kwa watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi, au wenye miaka 60 na zaidi na presha mbaya. Nusu ya vijiji walipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu badala ya sodiamu. Kupika kuliendelea vile vile. Baada ya karibu miaka mitano, viharusi vilipungua kwa asilimia 14, na vifo vikapungua pia. Ona kilichofanyika: kamba ile ile ya sodiamu na potasiamu ilivutwa upande wa pili. Tahadhari ni moja, nayo ni ya kweli: mwenye figo mbovu, au anayemeza dawa zinazozuia potasiamu isitoke kama spironolaktoni, asiiguse chumvi hiyo kabla ya kumuuliza daktari, kwa sababu potasiamu ikizidi kwenye damu huweza kusimamisha moyo.

Baada ya kukisoma kisa hiki niliona nisiwapime Waluo wa 1985 nikaacha jiko langu. Sina maabara ya mkojo, lakini nina kalamu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kidogo kimoja kisichofurika, pamoja na ile iliyofichwa kwenye mkate na mchuzi. Niliandika tarehe kwenye pakiti ya nusu kilo siku ilipofunguliwa: tarehe 2. Ilikwisha tarehe 15 asubuhi. Tuko watano. Nusu kilo kwa watu watano kwa siku 13 ni karibu gramu 7.7 kila mmoja, na hapo sijahesabu mkate wala vile vipande vya mchuzi. Nyumba ambayo chakula chake hakuna mgeni aliyewahi kusema kina chumvi nyingi.

Aliyelisema ni mama yangu, alipokuja kutoka nyumbani mwezi ule ule. Alionja mboga, akaweka kijiko chini, akamtazama mke wangu.

"Mwanangu, mnakaa karibu na bahari siku hizi?"

"Imezidi, mama?"

"Haijazidi kwenu. Nyinyi ulimi umeshazoea. Mimi nitakunywa maji usiku kucha."

Hakuna aliyemhesabia gramu, naye alijua kwa ulimi tu. Ulimi hujirekebisha kwa wiki kadhaa tu, kupanda au kushuka, na wake ulikuwa bado wa kijijini. Mke wangu hakujibu kitu, lakini kesho yake vile vipande vya mchuzi havikuonekana. Badala yake kulikuwa na dania, nyanya zilizopikwa mpaka zikaiva kweli, ndimu, na kunde alizoleta mama mwenyewe kwenye gunia. Kikopo cha chumvi kilihama kutoka mezani kwenda rafu ya juu, ambako mtoto wetu wa kati hakifikii bila kupanda kiti, na hapandi mbele ya bibi yake.

Wiki ya kwanza kila mtu alilalamika, mimi nikiwa wa kwanza. Wiki ya tatu nilinunua smokie stejini kama kawaida yangu na nikashindwa kuimaliza. Pakiti ya pili ilifika siku 19. Hiyo ni karibu gramu 5.3, bado juu ya kiwango, na mkate tumeendelea kuula. Ya tatu ilifunguliwa tarehe 4. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa mama watoto, si wangu.